Kabla ya lenzi, uliza betri

Kijana anayeingia Kariakoo kutafuta kamera yake ya kwanza ya kazi huwa ameshajua anachotaka: megapikseli nyingi, lenzi inayovuta mbali, video ya 4K. Msikilize akipatana bei na muuzaji, betri haitajwi mpaka pesa zimeshahesabiwa. Mimi ningemwambia aanze na hiyo hiyo betri. Kamera hii hanunui ya kupamba kabati. Jumamosi anatakiwa Magomeni: nikahi msikitini, picha za familia alasiri, kisha ukumbini mpaka usiku wa manane. Hapo katikati hana pa kukaa kusubiri chaja, na bibi harusi akiingia ukumbini ameingia, harudi mlangoni ili apigwe picha upya.

Kamera nyingi zinazouzwa kwetu, mpya na zilizotumika, hutumia betri ya lithiamu yenye umbo lake maalumu. Canon 1300D na 2000D zinakula LP-E10 ya mAh 860, na kiwanda kinakadiria picha 500 kwa chaji moja. Canon 5D Mark III inakula LP-E6 ya mAh 1800, picha 950. Sony a7 II, kamera nzuri kwa kila hali, inakadiriwa picha 350 tu, kwa sababu betri yake ni ndogo na kioo kinawaka muda wote. Hizo ni picha za mnato. Ukirekodi video, hesabu hiyo isahau.

Lakini idadi ya picha si jambo kubwa kuliko yote. Kubwa ni ukoo wa betri. LP-E6 ilikuja na 5D Mark II mwaka 2008, ikaendelea kwenye 7D, 60D, 6D, 70D na 80D. Canon ilipotoa R5 isiyo na kioo cha ndani mwaka 2020, umbo likabaki lile lile, chaji ikaongezwa kufika mAh 2130. Mpiga picha aliyeanza na 60D iliyotumika akapanda hatua kwa hatua, chaja na betri zake anaweza kupanda nazo. Nikon nao wana EN-EL15, iliyoanza na D7000 mwaka 2010 na ambayo matoleo yake yaliingia kwenye Z6 na Z7. Sony walikata ukoo: NP-FW50 ya a7 za mwanzo haiingii kwenye a7 III ya mwaka 2018, inayotumia NP-FZ100. Kwa mtumiaji mabadiliko hayo yalikuwa neema, maana picha zilipanda hadi 710, ila aliyekuwa na betri nne za zamani alianza upya.

Na ukoo mkubwa una faida ambayo haikuandikwa kwenye boksi lolote. Kumbi za Magomeni, Kinondoni na Ilala zinawakutanisha mafundi wale wale kila wikiendi. Mwenye betri ya kawaida akikwama anamfuata mwenzake: "Kaka, niazime moja, kesho asubuhi nakuletea." Mwenye betri ya kipekee atamwomba nani?

Kuna wanaoniambia, basi si bora kamera ya betri za AA, zile za rimoti, zinazopatikana kila duka la Mangi? Canon PowerShot nyingi za mfululizo wa A na Nikon Coolpix nyingi za mfululizo wa L zilijengwa hivyo, na kwa safari ya kijijini zina maana. Ila betri ya kaboni ya bei rahisi haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Lenzi ikijitokeza au flashi ikijichaji, nguvu inaporomoka, kamera inaandika betri imekwisha, ilhali betri hizo hizo ukizitia kwenye saa ya ukutani zitaiendesha kwa miezi. Anayetaka AA anunue za kuchaji, za Ni-MH. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, lakini zinastahimili mzigo. Hata wenye kamera kubwa wanazihitaji kwa ajili ya flashi ya juu, ambayo kwa kawaida hubeba nne.

Sasa feki. Mwambie muuzaji aigeuze kamera, asukume kilango cha chini, avute kile kishikizo kidogo, betri iruke nje. Ishike. Soma namba. LP-E10 halisi ni mAh 860. Ukikuta ya ukubwa huo huo imeandikwa 2000, namba hiyo ipo kwenye stika tu. Angalia tumbo lake: likiwa limefura hata kidogo, irudishe, maana siku moja itakwama humo ndani. Si kila betri isiyo ya kampuni ni mbaya, zipo zinazofanya kazi vizuri kwa miaka, lakini nyingine kamera huzigomea au hushindwa kusoma chaji yake, na utaiona imejaa kisha ghafla imezima. Kwenye kamera za LP-E6 ingia kwenye taarifa za betri: utakuta asilimia iliyobaki, idadi ya picha tangu ichajiwe, na vijumba vitatu vya afya. Vyote vitatu vikiwa kijani, bado ina nguvu. Kikibaki kimoja chekundu, panga kununua nyingine.

Mgao wa umeme wa mwaka 2022 na 2023 uliwafundisha wengi kuwa na betri tatu badala ya moja. Mwenye uwezo wa kamera mpya atafute inayochajiwa kwa waya wa Type-C, aichomeke kwenye pawabenki ndani ya mwendokasi. Umoja wa Ulaya umelazimisha tundu hilo kwenye kamera mpya za kidijitali tangu Desemba 28, 2024, kwa hiyo zitazidi kuwa nyingi hata kwetu. Na joto letu ni adui: usiache betri iliyojaa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kwa kamera iliyotumika, omba kukaa dukani nusu saa ukirekodi video mfululizo, betri ikiwa imejaa. Muuzaji mwenye imani na mali yake atakupa kiti. Akikataa, maduka ya kamera Kariakoo hayajaisha.