Sauti za Gari Kuukuu Kabla ya Safari ya Pwani

Likizo za shule zinapokaribia, jamaa zetu wengi walioweka makazi Pumwani, Eastleigh, Buruburu na Umoja huanza kulitazama upya lile gari la abiria 14 lililoegeshwa nje. Ndilo linalowapeleka watoto madrasa, ndilo lililobeba maiti yetu kwenda makaburini Kariokor, na ndilo litakalombeba bibi na wajukuu wake takriban kilomita 480 hadi Mombasa. Likianza kutoa mlio usioeleweka wiki moja kabla ya safari, swali si la ufundi tu. Ni la roho za watu.

Gari lenyewe aghalabu ni Toyota HiAce. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 8, basi huja likiwa limekwisha tumika kwingine, kisha likaongezewa miaka mingi ya mashimo na vumbi. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Dereva huikalia, na kwa kuikalia huzoea kelele zake, ndiyo sababu mara nyingi mgeni ndiye anayeuliza, “Hii sauti ni ya nini?”

Kabla ya kumwita fundi, tujue kwanza mlio unafuata kitu gani. Gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukipanda pamoja na injini, ni wa injini au vinavyozungushwa nayo. Ukisikika gari likitembea tu, tazama beringi za magurudumu, shafti na difu.

Mlio mkali kama wa panya, hasa asubuhi ya baridi, mara nyingi ni mkanda wa feni. Mafundi huunyunyizia maji kidogo: ukinyamaza kisha ukarudi, mlio ni wa mkanda. Mkoromo unaotoka mbele ya injini huenda ukawa wa beringi ya pampu ya maji, na huo usisafiri nao, kwani pampu ikifa njiani kabla ya Mtito Andei injini itachemka. Mdundo mwepesi wa tapeti hauna haraka hiyo.

Unaotutisha ni mgongo mzito, kama nyundo iliyofungwa nguo, unaotoka chini na kuzidi gari linapopanda mlima. Kwa injini za dizeli za zamani, 2L, 3L na 5L, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikinguruma polepole. Mgongo ukipungua, silinda yenye ila imepatikana. Lakini asikimbilie kuhukumu. Ahamishe nozeli hiyo kwenye silinda nyingine. Mgongo ukihama nayo, ila ni ya nozeli, na gharama ni nafuu. Ukibaki palepale, ni beringi ya konrodi au pistoni, na injini itafunguliwa. Njia hii isitumiwe kabisa kwa injini mpya kama 1KD, ambazo msukumo wa dizeli katika mabomba yake unaweza kupenya ngozi ya mkono. Na taa ya oili ikiwaka pamoja na mgongo, zima injini papo hapo, hata kama uko katikati ya Jogoo Road.

Kipo pia kisichotoa sauti. Mkanda wa taiming wa injini hizo za 2L hadi 5L hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugongana na pistoni bila onyo.

Vipuri hupatikana Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, na huko pia magari huuzwa na kununuliwa. Hapa pana jambo la dini. Wapo wanaotia oili nzito ili mgongo usisikike siku ya mnunuzi. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani pamelowa, na akamkemea mwenye mali kwa kuficha, oili nzito ni unyevu uleule uliofunikwa.

Kwa hivyo anayenunua alisikilize gari likiwashwa likiwa baridi, oili ikiwa haijasambaa. Akigusa radieta akaikuta moto kabla ya kuwashwa mbele yake, amuulize mwenyewe gari limetoka wapi asubuhi hiyo.