Ameokoka, au Alikuwa Ameokoka?

Jumatano jioni hapa Houston huwa nasoma Biblia na majirani Wabaptisti. Juzi ikaja habari ya kijana aliyekuwa akituongozea nyimbo: ameacha kanisa, anasema hamwamini Mungu tena. Mzee mmoja, mtu mpole kweli, akafunga Biblia yake akasema, "Basi hakuwahi kuokoka." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikabaki nimeduwaa. Kwetu Kagera marehemu bibi angesema "amerudi nyuma," kisha angejifunga kanga aende kumwona.

Tuanze na neno lenyewe. "Ameokoka" ni kama amelala, ameshiba, amesimama: linaeleza hali aliyo nayo mtu sasa. Aliyelala huamka, na aliyeshiba asubuhi jioni ana njaa. Ndiyo maana "alikuwa ameokoka" haikwaruzi masikio yetu. Tena kuokoka hakumtaji aliyeokoa, kuokolewa ndiko kunakoleta swali la "na nani?" Hoja yote ya yule mzee imo humo: kama aliyekushika ni Mungu, nani atakupokonya mkononi mwake? Anasimama juu ya Yohana 10. Bibi alisimama juu ya Waebrania 6, panapotisha kuhusu watu walioonja mambo ya mbinguni kisha wakaanguka. Paulo naye hatusaidii kuchagua: katika Waefeso 2 wokovu umekwisha kutendeka, katika 1 Wakorintho 1 Kigiriki chake kinasema unaendelea, na katika Warumi 5 bado unakuja.

Lakini ugomvi wenyewe haukuanzia kwenye sarufi. Ulianzia mlangoni mwa kanisa, tena Afrika. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola ya Roma watoe sadaka kwa miungu, na aliyetoa akapewa hati iliyoshuhudiwa. Zaidi ya 40 kati ya hati hizo zimepatikana Misri, zimeandikwa kwenye mafunjo: fulani amemwaga kinywaji cha sadaka, ameonja nyama, anaomba athibitishiwe. Kule Carthage, katika Tunisia ya leo, Wakristo wengi walikwenda. Wengine walitoa sadaka kweli. Wengine, kwa ujanja ambao sisi watu wa makaratasi ya uhamiaji hatuhitaji kuelezwa mara mbili, walihonga wakapata hati bila kugusa nyama. Dhoruba ilipopungua, wote wakaanza kupiga hodi. Wanaitaka meza ya Bwana.

Askofu wa Carthage, Cyprian, alikuwa na kibarua kigumu. Yeye mwenyewe alijificha wakati wa msako, na wapinzani wake hawakuacha lisahaulike. Huku nyuma, Wakristo waliofungwa kwa kukataa sadaka walikuwa wakiwaandikia walioanguka barua za msamaha, zikagawiwa kama njugu. Baraza la maaskofu la mwaka 251 likapima: mwenye hati tupu apokelewe baada ya kuchunguzwa na kutubu, aliyetoa sadaka aendelee kutubu, apokelewe akiwa katika kukata roho. Muda si mrefu mateso mapya yakanusika, wakalegeza: wote wanaotubu waingie sasa, wapate nguvu. Kule Roma kasisi Novatian alikataa katakata. Kwake, kanisa halikuwa na mamlaka ya kumsamehe aliyemkana Kristo. Hilo aachiwe Mungu. Wafuasi wake wakajiita walio safi, nao walidumu karne kadhaa.

Angalia walichobishania: kurudi. Kwamba waliobisha hodi walikuwa waumini kabla ya kuanguka, hilo halikuwa shauri.

Msemo wa mzee wangu ulikuja polepole. Augustine, naye Mwafrika, uzeeni alifundisha kwamba kudumu mpaka mwisho ni zawadi ya Mungu, na kwamba si kila aliyebatizwa huipata. Karne nyingi baadaye mwanamatengenezo Calvin akasogea mbele zaidi: kila aliyezaliwa upya kweli atadumu. Mwaka 1610 wafuasi wa mwanatheolojia Arminius, Uholanzi, waliliacha swali wazi; sinodi ya Dordrecht, 1618 hadi 1619, ikalifunga. Hata hivyo sinodi hiyo ilikubali kwamba muumini anaweza kuanguka vibaya sana, kama Daudi na Petro, ila Mungu atamwinua. Ule usemi wa "ukishaokoka umeokoka" unaosikika huku Texas ni mwepesi kuliko ilichoandika sinodi ile.

Bibi naye hakuwa akisema vya kijijini. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wetu wanalishika mpaka leo, katika kifungu cha 12 linawakana wanaodai kwamba aliyehesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Kifungu hicho hicho kinawakana pia kina Novatian wanaomfungia nje anayetubu. Juu ya hapo ukaja uamsho wa Gahini, Rwanda, na Kampala, ambako Simeon Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana mwaka 1929. Ulipovuka mpaka ukaingia Bukoba, wenye moto huo wakaitwa walokole. Mlokole hangoji anguko kubwa. Wivu wa jana anauungama leo mbele ya wenzake.

Nisipambe sana. Desturi hiyo inachosha. Shangazi yangu ameokoka mara nne ninazozijua, kila mkutano wa Injili ukipiga hema, na sidhani alilala usingizi mzuri katikati yake. Hapo Wabaptisti wana kitu cha kutufundisha. Lakini na wao wana deni: kama anayeacha imani akiwa na miaka 60 hakuwahi kuwa nayo, basi wa miaka 40 anajuaje kwamba yake ni ya kweli? Uhakika wanaouhubiri unasubiri mazishi.

Kwetu usharikani aliyetengwa na meza ya Bwana akitubu husimama mbele ya watu, na tendo hilo lina jina: kurudi kundini. Nilijaribu kuwaeleza wenzangu wa Jumatano, ikanishinda, kwa sababu kwao ama ulikuwa kundini siku zote ama hukuwahi kuingia. Tukaomba, tukatawanyika. Kwenye maegesho mzee yule akanifuata, funguo za gari mkononi, akaniuliza kama namba ya simu ya kijana ninayo.

Ninayo.