Hati ya Ukaguzi ni Shahidi wa Siku Moja

Ndugu Wanachama,

Hakuna mkulima wa karafuu anayenunua gunia kwa kulitazama nje. Atalifungua, atatia mkono mpaka chini, atavunja chembe moja asikie imekauka au la, na atatafuta makonyo. Hata akiambiwa kuwa jana zilipimwa zikaonekana kavu, ataangalia tena leo, kwani karafuu ikilala penye unyevu hugeuka. Lakini mtu huyo huyo akenda kununua gari, huonyeshwa karatasi yenye mhuri, akatoa fedha ya msimu mzima.

Jambo hili limeletwa ofisini na mwanachama ambaye kijana wake anafanya kazi Mugumu, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Mzee amekusudia kumsaidia anunue gari dogo lililotumika. Muuzaji mmoja wa Tarime ametoa gari pamoja na hati ya ukaguzi, akasema limekwisha kaguliwa, haina haja ya fundi. Mzee anauliza iwapo hati hiyo yatosha. Kwa kuwa wengi wetu tuna watoto bara, na wengine hununua magari hapa kisiwani kwa njia hiyo hiyo, tumeona yafaa jawabu lisomwe na wote.

Magari mengi yaliyotumika huletwa kutoka Japani, ambako huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Kwa Tanzania Bara, kazi ya kuangalia kama gari linaloingia linafaa barabarani ni ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Kwa miaka mingi ukaguzi ulifanywa na mawakala huko yanakotoka, kabla ya kupakiwa melini. Mwaka 2021 TBS ikaanza kuyakagua yafikapo Dar es Salaam. Mkaguzi hutazama breki, usukani, taa, matairi na mfano wa hayo. Ni kazi ya maana, wala hatuidharau. Lakini hati yasema gari lilikuwaje siku ile, mahali pale. Haisemi injini imebakiwa na umri gani, wala haijui yaliyolipata gari baadaye. Stika ya usalama barabarani iliyobandikwa kiooni nayo ni vivyo hivyo.

Na baada ya siku ile gari limepita wapi? Kutoka Dar es Salaam hadi Tarime ni zaidi ya kilomita 1,000. Na kama limekwisha tumika huko, barabara ya Tarime kwenda Mugumu, ipitayo Nyamwaga na Nyamongo penye mgodi wa dhahabu, kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikuwa ya changarawe: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua. Njia ya namna hiyo hula bushi, shokapu na viungo vya usukani, na vumbi likipenya hula injini. Hayo yote hayamo katika hati ya bandarini.

Basi mnunuzi na afanye haya.

Kwanza, asome tarehe ya hati, kisha alinganishe nambari ya chesisi katika hati, katika kadi ya usajili na katika bodi la gari. Zikihitilafiana, asitoe hata shilingi. Tarime ni jirani na mpaka wa Sirari. Gari lililotoka Kenya lazima liwe limelipiwa ushuru na kusajiliwa TRA.

Pili, aulize nani aliyekagua, na nani aliyemlipa. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni mtu wa muuzaji. Atafute fundi wake, amlipe mwenyewe.

Tatu, atazame saa ya kilomita. Hati ya Japani ya kusafirisha gari nje huonyesha kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa huko. Saa ikionyesha pungufu ya hizo, ajue imerudishwa nyuma.

Nne, injini iwashwe ikiwa baridi. Kisha gari lipandishwe kilima, literemshwe, lifungwe breki, lipitishwe njia mbovu. Milima ya Tarime itasema kweli upesi.

Tano, ahadi zote ziandikwe na kutiwa saini. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Bara humlinda mnunuzi aliyetegemea ujuzi wa muuzaji. Lakini aliyekwisha likagua gari mwenyewe hana dai juu ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuionyesha. Kwa hiyo kutazama juu juu ni hasara mara mbili. Ukikagua, kagua barabara.

Muuzaji mwaminifu hachukii fundi kuingia uvunguni mwa gari lake. Anayechukia amekwisha kupa jawabu.

Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Fedha iliyopotea msimu mzuri huenda isirudi msimu ujao. Na breki ikikatika mteremkoni, kinachopotea si fedha tu. Ujira wa fundi kwa nusu siku si kitu mbele ya hayo.

Mwanachama mwenye hati ya gari asiyoifahamu ailete ofisini, tuisome pamoja kabla hajatoa fedha.

Wasalaam,
Katibu