Jina la farasi linavyobeba mamilioni

USIKU wa kuamkia Machi 30, 1970, katika shamba la The Meadow, jimbo la Virginia nchini Marekani, farasi jike aitwaye Somethingroyal alizaa mtoto dume wa rangi ya kahawia nyekundu, mwenye miguu mitatu myeupe chini kama aliyevaa soksi.

Kumzalisha ilikuwa kazi ya usiku mmoja. Kumpatia jina kulichukua muda zaidi.

Shamba lenyewe wakati huo lilikuwa taabani. Mwanzilishi wake, Christopher Chenery, alikuwa mgonjwa na hesabu zilionyesha hasara. Binti yake, Penny, mama wa nyumbani aliyekuwa akiishi Colorado, ndiye aliyeshika usimamizi, huku ndugu zake wakiona afadhali mali iuzwe.

Hata mtoto huyo alimfikia kwa njia ya bahati. Mkataba wa shamba na Ogden Phipps, mwenye farasi dume Bold Ruler, haukuwa wa kulipana fedha za kupandisha. Waligawana watoto kwa kurusha sarafu. Mwaka 1969 Phipps alishinda na kuchagua kwanza. Penny aliyeshindwa ndiye aliyepata mtoto ambaye bado alikuwa tumboni mwa Somethingroyal.

Majina ya kwanza yaliyopelekwa Jockey Club, chama kinachotunza daftari la ukoo wa farasi wa mbio aina ya Thoroughbred Marekani, yalitungwa kwa kufuata majina ya wazazi: Sceptre, Royal Line na Something Special. Yote yalikataliwa.

Ndipo karani wa shamba, Elizabeth Ham, alipopeleka mengine. Moja kati ya hayo alilitoa katika kazi aliyowahi kuifanya, iliyohusiana na sekretarieti ya Shirikisho la Mataifa. Jina hilo, Secretariat, ndilo lililokubaliwa.

Masharti ya daftari

Mtu wa kawaida anaweza kujiuliza kwa nini chama kihangaike na jina la mnyama. Jibu liko sokoni. Mnunuzi wa farasi hulipia ukoo na rekodi ya mbio, na vyote viwili huandikwa chini ya jina. Farasi wawili wakiitwa jina moja, ushindi wa mmoja unaweza kumuuza mwingine.

Kwa sababu hiyo masharti ni makali. Jina lisizidi herufi 18, zikihesabiwa pamoja na nafasi kati ya maneno. Lisiwe na matusi wala lisitangaze biashara. Jina la mtu aliye hai halikubaliki bila idhini yake ya maandishi. Hata jina linalofanana kwa matamshi na la farasi mwingine aliyesajiliwa laweza kurudishwa.

Mwenye farasi hutakiwa kulipeleka jina kabla ya Februari ya mwaka ambao mnyama anahesabiwa kuwa na miaka miwili. Akichelewa, hulipa ada ya ziada. Majina ya farasi waliovuma hufungiwa moja kwa moja, asipewe mwingine tena.

Jina peke yake halitoshi. Wazazi huthibitishwa kwa kipimo cha vinasaba, na watoto wote waliozaliwa tangu mwaka 2017 lazima wawekewe kifaa kidogo cha kielektroniki shingoni.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Uingereza alikuwapo farasi aliyezaliwa mwaka 1773 ambaye bwana wake alitaka aitwe Potatoes, yaani viazi. Inasimuliwa kuwa kijana wa zizini, alipoambiwa aliandike jina hilo, aliandika Pot kisha akapanga herufi o nane. Kosa hilo lilimfurahisha bwana, likabaki. Farasi huyo ni babu wa sehemu kubwa ya farasi wa mbio wa leo, na hadi sasa vitabu vya ukoo vinambeba na jina lake la ajabu.

Herufi ya mwaka

Wafaransa wana utaratibu mwingine wenye faida kwa mnunuzi. Farasi wa mbio za kuvuta kigari wanaozaliwa mwaka mmoja hupewa majina yanayoanza na herufi moja. Waliozaliwa 2010 walianza na A, wa 2011 na B, na wa 2020 na K. Mwenye kuijua orodha hiyo anaposikia jina tu hujua umri wa mnyama, hata kabla ya kumtazama meno.

Faida ya kumbukumbu

Kule Virginia, mzee Chenery alifariki dunia Januari 1973 na familia ikakabiliwa na kodi kubwa ya urithi. Secretariat alikuwa na rekodi nzuri ya mwaka wa kwanza wa mbio. Mwezi uliofuata haki ya kumtumia kupandisha iligawanywa katika hisa 32, kila moja dola 190,000. Jumla ilikuwa dola milioni 6.08, na shamba likapata pumzi.

Juni 9 mwaka huo farasi huyo alishinda mbio za Belmont kwa kuwaacha wenzake umbali wa urefu wa farasi 31. Muda aliotumia, dakika 2 na sekunde 24, haujavunjwa hadi leo.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa asiye na farasi hata mmoja ana la kujifunza hapa. Zizi lenye Neema watatu na Baraka wawili haliwezi kusema ni ng'ombe yupi anatoa maziwa mengi, wala ni ndama yupi alizaliwa na dume gani. Baada ya miaka michache binti hupandishwa na baba yake bila mtu kujua, na uzao huanza kudhoofu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ndama apewe jina ambalo halijawahi kutumika zizini, fupi, linalotamkika kwa urahisi. Wa mwaka mmoja waanze na herufi moja. Siku hiyo hiyo jina liandikwe daftarini pamoja na tarehe ya kuzaliwa, mama, dume au namba ya mbegu ya uhimilishaji, na namba ya hereni.

Siku mnunuzi atakapofika na kuuliza huyu ni mtoto wa nani, mfugaji mwenye daftari atafungua ukurasa na kutaja bei yake. Asiye nalo ataanza kukumbuka, na mnunuzi ataanza kupunguza.