Mafuta ya transfoma hayana namba

Mezani kuna chupa mbili zilizokuwa za jemu. Ya kwanza ina mafuta mapya ya transfoma, ya manjano hafifu, maangavu kiasi kwamba ukiyainua dirishani unasoma maandishi ya gazeti upande wa pili. Ya pili ina mafuta yaliyotolewa kwenye mtambo uliokaa mlingotini miaka mingi. Hayo ni ya kahawia iliyokolea na yana harufu ya kitu kilichoungua zamani. Mwenye chupa ni fundi mstaafu wa laini za umeme, mkazi wa Kitale, aliyeniomba nisimtaje jina kwa kuwa baadhi ya watu atakaowazungumzia ni majirani zake.

"Tia kidole, mwanangu. Sugua," akaniambia.

Nikasugua. Yalikuwa mepesi, yakateleza upesi hadi kwenye kiganja.

"Umeona? Ya kupikia ni mazito kuliko haya. Mtu wa jikoni akiyashika hata gizani anajua si yake."

Nilimwendea kwa sababu ya neno ambalo limesemwa Kenya kwa miaka mingi na halikuniacha: kwamba mafuta yanayoibwa kwenye transfoma huishia kwenye karai za vibanzi. Wateja hulirudia kwa utani huku wakingoja kufungiwa chakula, kutoka Kitale hadi Bungoma. Nilitaka aliyeyashika mafuta hayo maisha yake yote aniambie kama ni kweli.

Hakunijibu papo hapo. Alianza na kazi ya mafuta yenyewe. Ndani ya tangi kuna nyaya za shaba zilizoviringwa na kufunikwa kwa karatasi. Stima huingia ikiwa volti 11,000 na kutoka ikiwa 240 za nyumbani. Mafuta hubeba joto kutoka kwenye nyaya, na pia huzuia umeme usiruke mahali usipotakiwa. Kwa kipimo cha kimataifa, mafuta mapya yakiwekwa kati ya ncha mbili za chuma zilizoachana milimita 2.5, yanapaswa kuhimili volti zisizopungua 30,000. Maji kidogo tu yakiingia, nguvu hiyo inaporomoka.

"Wezi wakishayakinga kwenye mitungi, transfoma inabaki pale juu kama kawaida," alisema. "Kwa chini huoni kitu. Mtu akirudisha stima kabla ya kukagua, ameiua. Karatasi inaungua, nyaya zinagusana. Mitungi michache imeua mtambo mzima."

Tangu mradi wa kusambaza umeme vijijini ulipozinduliwa mwaka 2015, transfoma ndogo zimesimama peke yake kando ya mashamba ya mahindi. Moja ikifa, kinu cha kusaga kinanyamaza, maziwa ya jioni yanaganda, na muuguzi wa zahanati anaanza kuhesabu saa za chanjo zilizo kwenye friji. Fundi anasema kilichokuwa kikimuuma ni kufika na gari la kazi na kukuta akina mama wamejipanga na madebe ya mahindi, wakimtazama yeye kana kwamba ndiye aliyeiba.

Ndipo akarudi kwenye vibanzi. Mafuta haya, alieleza, yametokana na mafuta ghafi. Hayachachi wala hayachoki upesi yakichemshwa tena na tena, na hapo ndipo uvumi unapopata miguu. Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi hawalitaji. Mvuke wake unaweza kuanza kushika moto kwenye nyuzi joto 140 au juu kidogo. Kiwango cha kimataifa kinataka usishike chini ya 135. Vibanzi hukaangwa kwenye nyuzi 170 hadi 180.

"Sasa niambie," alisema, "nani ataweka karai la namna hiyo juu ya makaa mchana kutwa, kando ya barabara?"

Huenda wapo wanaoyachanganya na ya kupikia. Hakukataa. Alisema tu kwamba yeye hajawahi kuliona karai hilo. Alichokiona kwa macho ni wachomeleaji wa jua kali, ambao mashine zao za kujitengenezea hupozwa kwa mafuta hayohayo. "Vibanzi vinatutisha, ndiyo maana tunavizungumza. Mchomeleaji hatishi mtu. Basi hakuna anayemuuliza ameyapata wapi."

Naye mchomeleaji yumo hatarini. Baadhi ya transfoma kuukuu zilitiwa kemikali ziitwazo PCB, ambazo mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, ulitaka mitambo yenye kemikali hizo iondolewe kazini kufikia 2025. Kwa macho, kijana anayejaza mashine yake kwa mikono mitupu hana namna ya kujua mtungi wake umetoka kwenye transfoma ya umri gani.

Sheria haina upole. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, hauzidi kifungo cha miaka 3. Kwa mitambo ya umeme, Bunge lilikaza kamba mwaka 2011, na Sheria ya Kawi ya 2019 ikaendeleza: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 10, au vyote viwili. Julai 2024, katika kesi ya aina nyingine, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba jaji au hakimu hana ruhusa ya kwenda chini ya kima kilichowekwa na Bunge. Kwa hiyo kijana aliyelipwa ujira wa usiku mmoja kubeba mitungi anasimama mbele ya kima kilekile na aliyemtuma, kama aliyemtuma atapatikana.

Shaba angalau imewekewa macho. Ipo Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na Januari 2022, baada ya milingoti ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Ilirejea miezi michache baadaye kwa masharti mapya. Mafuta si chuma. Anayeyanunua anaweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, kosa la hadi miaka 14, lakini lazima ithibitishwe kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi.

"Tangi lina namba," fundi alisema. "Limepigwa bamba, nitakwambia limetoka stoo gani. Mafuta yakishatoka hayana namba. Leo ni ya transfoma, kesho ni ya fulani."

Nilimuuliza kama miaka 10 inamtisha mwizi. Akasema inamtisha anayepanda, na anayepanda kila mara ni mtoto wa mtu maskini. Hakuwa na jibu kuhusu wanunuzi, wala sikulipata kwingine: nani huyapeleka mjini, nani huyavusha mpaka wa Malaba, na mbona hata baada ya adhabu kupanda vile mtungi bado una soko.

Kuongeza miaka juu ya hiyo 10 hakutawasha kinu kimoja kijijini. Anayenunua mafuta bila risiti ndiye anayemlipa anayepanda. Mchomeleaji, dai risiti. Nawe mkazi, ukiona mitungi chini ya transfoma usiku, piga 97771, namba ya Kenya Power, kabla hujaanza kuulizia vibanzi.