Kuoka Mkate Bila Tanuri

Watu wengi wadhani kwamba mtu hawezi kuoka mkate nyumbani mpaka awe na tanuri. Wengine, hasa sisi wanaume, husema kwamba mambo ya jikoni hayatuhusu. Lakini mwanafunzi amalizapo shule huenda akapanga chumba peke yake mjini, na kila asubuhi hana budi kutoa fedha dukani. Basi na ajue kwamba mwenye jiko la makaa na sufuria mbili aweza kuoka mkate wake mwenyewe, ikiwa afahamu mambo yanayotendeka ndani ya unga.

Jambo la kwanza ni hili: hamira i hai. Wamisri wa kale, walioishi kwa maji ya mto Naili upitao hapa kwetu Jinja, waliumua mikate maelfu ya miaka iliyopita bila kujua kiumuacho ni nini. Ilikuwa katika miaka ya 1850 na 1860 ndipo Louis Pasteur wa Ufaransa alipoonyesha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe vidogo vilivyo hai. Hamira hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Hewa hiyo ndiyo iuinuayo mkate.

Jambo la pili ni unga. Unga wa ngano una protini ambayo, ikilowana na kukandwa, hunyumbuka kama mpira na kuizuia hewa ile isitoke. Unga wa mahindi na wa muhogo hauna sifa hiyo. Kwa hiyo mwenye kuanza na aanze kwa ngano.

Sasa vipimo. Twaa kikombe cha robo lita. Pima vikombe vinne vya unga, kikombe kimoja na robo cha maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya chai vya hamira kavu, viwili vya sukari, kimoja cha chumvi, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta. Tia kidole katika maji: kisione moto wala baridi. Maji yakifika nyuzi 60 za Selsiasi huiua hamira, na mkate utakuwa kama jiwe.

Koroga hamira na sukari katika maji hayo, ungoje dakika kumi. Ikitoa povu, i hai. Isipotoa povu, itupe ukatafute nyingine. Afadhali kupoteza vijiko viwili vya hamira kuliko kupoteza unga wote.

Changanya vyote, ukande dakika kumi mpaka donge liwe laini. Lifunike kwa kitambaa kibichi, uliache liumuke mpaka liwe mara mbili ya lilivyokuwa. Penye joto huchukua kama saa moja; penye baridi, kama kule Kabale, huchukua zaidi. Usitazame saa, tazama donge. Kisha lishindilie, litie katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, liumuke tena nusu saa.

Kwa kuoka, watu wa pwani wana njia yao ya zamani iitwayo kupalia, yaani kuweka moto chini na juu. Tia mchanga mkavu katika sufuria kubwa, kina cha kidole kimoja, uipashe moto kwanza. Weka sufuria ndogo juu ya mchanga, ufunike ile kubwa kwa mfuniko wa bati. Acha makaa machache chini, na mengi uyapange juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, mkate huungua kitako na ndani ungali mbichi. Baada ya dakika 40 hivi utoe, uugonge chini kwa kidole: ukilia kama ngoma, umeiva. Usiukate ungali moto, maana ndani utanata.

Na hili lisisahauliwe: jiko la makaa liwe nje, au mahali penye hewa nyingi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imewaua watu wengi waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa.

Mwenye kuanza asikimbilie keki. Na aoke mkate huu huu mara nne au tano, na kila mara aandike katika daftari: maji kiasi gani, uliumuka muda gani, makaa mangapi. Ukiharibika, abadili jambo moja tu, ndipo atakapojua kosa lilikuwa wapi. Abadilishaye mambo matatu kwa siku moja hajifunzi kitu, hata kama mkate wake umekuwa mzuri. Ndivyo tufanyavyo katika darasa la sayansi, na jikoni vivyo hivyo.