Bata wa Majira ya Baridi na Daftari la Miaka Mingi

Kila ifikapo Januari, wakati maziwa ya Urusi na ya kaskazini mwa Ulaya yamekwisha kuganda na bata mwitu wamehajiri kwenda kutafuta maji yaliyo wazi, maelfu ya watu, aghalabu wa kujitolea wasiotaka ujira, husimama kandokando ya maziwa na hori za bahari, darubini mkononi, wakawahesabu. Uingereza ilianza desturi hii mwaka 1947, na tangu 1967 hesabu za nchi nyingi zimekusanywa katika daftari moja. Nayo Kenya, ambako baadhi ya bata hao hufika katika maziwa ya Bonde la Ufa, imekuwa ikihesabu tangu mwanzo wa miaka ya 1990.

Faida ya kuhesabu kwa umoja ni dhahiri. Katika miongo mitatu iliyoanza mwaka 1980, bata wazamiaji wa aina tatu walipungua sana Ufaransa, Uswisi na Ireland, na aliyetazama takwimu za huko peke yake angeyakinisha kuwa wanahiliki; ilhali Finland, ambako barafu siku hizi huchelewa, waliongezeka kwa zaidi ya 100,000, maana ndege apataye maji na riziki karibu na makao yake hana haja ya kujitaabisha kwa safari ndefu.

Hata hivyo, si kila upungufu una faraja hiyo. Katika Lough Neagh, ziwa kubwa la Ireland ya Kaskazini, bata wazamiaji walishuka kutoka karibu 100,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi takriban 20,000 muongo mmoja baadaye, na miongoni mwa sababu ni kuadimika kwa mabuu ya usubi waishio topeni, ambao ndio chakula chao. Kadhalika yupo bata mwenye kichwa cha rangi ya kutu, ambaye amepungua katika nchi nyingi kwa pamoja, hata mwaka 2015 akaingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini.

Hesabu ya mwaka mmoja haithibitishi neno, kwa kuwa baridi kali ya msimu mmoja yaweza kuwahamisha bata wote. Basi serikali ziwasaidie wahesabuji wasikatize kazi yao, na zihifadhi maziwa wanakohamia bata leo pamoja na yale waliyoyazoea jana.